Sura ya 4: Mdondo Hauna Ukuta

Kufuga kuku 10 wa kienyeji nyuma ya nyumba, iwe Tabata au Kihonda, hakuhitaji eneo kubwa. Banda la mita 2 kwa 2 linawatosha. Ukitandaza maranda sakafuni, ukawapa pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu na dagaa, na maji safi kila siku, watataga. Wengi wanaoacha kufuga mjini hawashindwi na gharama za chakula. Wanashindwa na mdondo, ambao wengine huuita kideri.

Kuku mwenye mdondo hujikunyata, mbawa zikalegea, akakoroma anapovuta pumzi na kuharisha kinyesi cha kijani. Anayekawia kufa hupinda shingo akazunguka palepale. Kundi ambalo halijachanjwa laweza kuisha lote kwa siku chache. Mwarobaini na shubiri tunavitia kwenye maji kwa moyo mwema, lakini ugonjwa huu unaletwa na virusi na hauna dawa. Una chanjo tu.

Chanjo inayowafaa wafugaji wadogo ni ya I-2. Ilitokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na Tanzania huitengeneza yenyewe. Uzuri wake ni kwamba inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa hilo si ruhusa ya kuiacha juani. Hudondoshwa jichoni: mshike kuku ubavu, geuza kichwa jicho moja litazame juu, dondosha tone 1, kisha subiri mpaka apepese. Tone likimwagikia manyoyani, rudia. Kifaranga na jogoo hupewa tone lilelile. Mimi napendelea jicho kuliko maji ya kunywa: maji yetu ya bomba yana klorini inayoua chanjo, na kuku mnyonge hafiki kwenye chombo akanywa ya kutosha.

Hapa ndipo ufugaji wa mjini unapotofautiana na wa shamba la peke yake. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa ua mmoja, na kikishafunguliwa hakikai. Anayekinunua peke yake humwaga sehemu kubwa, na mwaka unaofuata anaona hasara, anaacha. Wakati huohuo kuku wake wanachakura jalala moja na kuku wa jirani, na virusi husafiri kwa kinyesi, kwa viatu na kwa tenga lililotoka sokoni. Kwa hiyo chanjo ya mdondo ipangwe kimtaa. Nyumba 6 au 7 zichange, mmoja afuate kichupa kwa wakala wa mifugo, ujumbe utumwe jioni ya kuamkia siku hiyo ili kuku wafungiwe bandani, na alfajiri watu wapite ua kwa ua. Kuwakimbiza kuku saa nne asubuhi ni kupoteza siku.

Zoezi lirudiwe kila baada ya miezi 3. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka, basi msingoje vifo vianze upande wa pili wa barabara. Kuku aliyekwisha kuambukizwa tone halimwokoi. Na jogoo aliyenunuliwa sokoni kwa ajili ya sikukuu, akiwa hatachinjwa siku hiyohiyo, afungiwe peke yake siku 14, awe na chombo chake cha maji, na ahudumiwe baada ya wengine wote.