Kikapu Kilichofunikwa kwa Jani

Kila mradi wa watoto unaoingia Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, huanza na warsha, na kila warsha huanza na mgeni kutoka mjini anayetwambia kwamba jamii yetu ijengewe uwezo wa kusaidiana. Tuunde kamati, tuchague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tuorodheshe watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi. Wazee wa Rulenge na Mabawe huitikia kwa kichwa, kwa adabu, na pia kwa sababu chai ya saa nne bado haijaletwa. Hakuna anayewauliza: ninyi mlikuwa mkifanyaje?

Basi nitajibu mimi, ingawa sijaulizwa.

Kwa Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi, hatima ya mtoto aliyefiwa ilijadiliwa siku ya kuondoa matanga. Ndugu waliketi uani, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kikiwa katikati na mirija ikichomoza mdomoni mwake. Mzee wa ukoo alianza na madeni ya marehemu, akaja kwenye mashamba, kisha akawataja watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Huyu ataenda kwa shangazi yake. Yule atabaki na bibi. Huyu mdogo atachukuliwa na baba yake mdogo. Majirani wasio wa ukoo walialikwa makusudi wasikie. Baba mdogo aliyempokea mtoto mbele ya kadamnasi hakuwa na pa kujificha iwapo miezi kadhaa baadaye mtoto huyo alionekana njiani na kaptula iliyochanika ilhali binamu zake wamevaa vizuri. Fomu ya ufuatiliaji haikuwapo. Palikuwa na macho ya watu, na ndimi za wanawake wanaokutana kisimani, ambazo hadi leo sijaona mkaguzi wa kuzishinda.

Chakula nacho kilikuwa na njia yake. Jioni, giza likianza kuingia, mama alimtuma mtoto wake na kikapu cha maharage au unga wa mtama kwa nyumba iliyopungukiwa. Bibi yangu alikuwa akilipitisha jani la mgomba juu ya moto kwanza, lilainike lisipasuke, kisha akakifunika kikapu nalo na kukaza kwa kamba ya ganda la mgomba. Aliyekutana na mtoto njiani hakujua kimebebwa nini, na hakuuliza. Siku chache baadaye kikapu kilirudi, na hakikurudi kitupu hata kama kilichomo ni majani ya maboga ya kiganja kimoja. Kwa majani hayo mwenye njaa alibaki jirani, hakugeuka ombaomba. Watoto wa nyumba ile walikwenda kucheza na wenzao kesho yake bila mtu kuwajua kwa umaskini wao. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya jani lile peke yake, na mhariri angenikatalia.

Mahari na ngoma za harusi nawaachia wengine. Hayo yanaandikwa kila mwaka. Na Wasukuma waliohamia Biharamulo na ng'ombe wao wana taratibu zao, waziseme wenyewe.

Ila ng'ombe lazima niwaguse. Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla mipaka ya wakoloni haijaikata, na huko ng'ombe alikuwa akitolewa na aliyenao kwa asiyenao, mpokeaji akanywa maziwa na kupata samadi ya migomba, kisha ndama akarudi kwa mtoaji. Ni kweli, ng'ombe huyo alimfunga maskini kwa tajiri, na wapo waliotumikishwa kwa ajili yake. Lakini maziwa yaliingia vinywani mwa watoto. Miaka mingi baadaye miradi ya ufugaji ilileta Kagera mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambapo anayepewa mtamba hulipa mtamba mwingine kwa jirani. Mpango mzuri, naukubali. Kinachoniudhi ni wakufunzi kuueleza kama jambo ambalo babu zetu hawakupata kulifikiria.

Sasa mtaniuliza, kama tulikuwa hodari hivyo, watoto wetu mbona maskini?

Jibu la kwanza ni misiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na tangu hapo vifo vya watu wazima vilifuatana kwa kasi ambayo hakuna ukoo uliokuwa umejiandaa nayo. Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera, ulioanza 1991 kwa kaya zaidi ya 900, zikiwemo za Ngara na Biharamulo, na kuwarudia watu walewale 2004 na 2010, ulionyesha kwamba mtoto aliyefiwa na mama alikuja kuwa mfupi kuliko wenzake kwa karibu sentimita 2 na kukosa karibu mwaka mmoja wa masomo. Mila ilimpa mtoto huyo paa na jina la ukoo. Ilishindwa kumpa maziwa na daftari. Mwishoni mwa Aprili 1994, takribani watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia Rwanda, na wenyeji wa Ngara wakajikuta ni wachache kuliko wageni wao.

Jibu la pili ni mgomba. Ugonjwa wa mnyauko bakteria ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 umeshambulia zaidi ndizi za pombe. Zamani mjane aliyetaka kulimiwa alikamua rubisi, akawaita watu, shamba likaisha kwa siku moja. Leo hana ndizi za kukamua. Vijana wanataka fedha, na fedha ndiyo hiyo hana, kwa hiyo anamtoa mwanawe shule akalime naye. Hakuna warsha niliyowahi kusikia ikiunganisha ugonjwa wa migomba na utoro wa darasa la tano.

Jibu la tatu linatuhusu wenyewe. Kumpeleka mtoto kwa shangazi akalelewe na kusoma ni mila. Kumkabidhi binti kwa dalali akafanye kazi za ndani Mwanza au Dar es Salaam, kisha tukasema yuko kwa ndugu, hiyo si mila ya mtu yeyote.

Serikali imefanya yake. Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, ingawa sare na madaftari havijaondolewa. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), uliozinduliwa 2012, umelipa ruzuku na kuitaka kaya ihakikishe mtoto anahudhuria shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Nimeona sare zilizonunuliwa kwa fedha hizo. Lakini majina hutajwa katika mkutano wa kijiji, mchana kweupe, na mama husikia umaskini wake ukijadiliwa na watu anaowadai heshima. Yapo pia mashirika yanayompiga picha mtoto akiwa ameshika kiatu kipya.

Ombi langu kwa halmashauri zetu mbili na wafadhili wao ni hili. Kabla ya kuunda kamati mpya, kitafuteni chama cha kuzikana kilichopo kijijini. Kina daftari, kina viongozi wasiolipwa posho, na kinajua ni nyumba ipi haikuwasha moto jana. Wapeni wanachama wake fedha za sare na miche safi ya migomba, wawafikishie wahusika jioni. Na picha ya mtoto msiidai.