Majina ya Matunda Nayo ni Mirathi

Ukifika soko la Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, ukasema wataka matunda, usistaajabu ukipewa pasheni. Huko bara wengi husema “matunda” wakakusudia pasheni peke yake; na lile jekundu lenye maji mekundu huliita “matunda ya damu”.

Siwacheki. Majina husafiri. Mapera yetu yamekuwa “mabera” vinywani mwa Wakikuyu, na jina hilo la pera sisi wenyewe tulilipokea kwa Wareno. Lililonihuzunisha ni jingine.

Mama mmoja wa Lamu, aliyehamia Karagita kufanya kazi katika mashamba ya maua, alinikaribisha chai. Siku hiyo nduguye alikuwa amempelekea kwa basi nazi mbili na dafu moja. Binti yake wa miaka minane, mzaliwa wa hapo hapo, akalishika dafu akauliza: “Mama, mbona nazi hii ni mbichi?”

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia: “Babu yake alipofariki, minazi ilihesabiwa ikagawanywa kisheria, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Mimi nilipata sita. Huyu ndiye atakayenirithi, naye dafu halijui!”

Waama, maneno yake ni mazito. Kwetu pwani ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule. Mwenye mnazi asiyejua majina atamwagizaje mkwezi? Atataka madafu, aanguliwe vitale, na hasara iwe yake.

Karagita iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake mnazi hauiwezi. Lakini jina halihitaji joto. Basi tukamketisha yule mtoto tukamhesabia kwa vidole vya mkono mmoja, kuanzia kile kidogo: kidaka, kitale, dafu, koroma, na kidole gumba ni nazi yenyewe, iliyokomaa, ya kukunwa.

Nilipokuwa nikivaa viatu niage, nilimsikia mlangoni akirudia peke yake. Alifika kwenye koroma akakwama, akaanza tena kwenye kidaka.

Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Je, msomaji, wako umemhesabia?