Mayai ya mawe yafichua siri ya watambaazi warukao

Kasa wetu akitaga hufukia mayai mchangani, akarudi baharini. Je, watambaazi warukao wa zama za dinosau walitagaje?

Jibu limetoka Hami, kaskazini magharibi mwa China. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza visukuku vya mayai 215 ya Hamipterus, ya miaka milioni 120 hivi. 16 yana viinitete ndani. Ganda lilikuwa laini, hivyo huenda yalifukiwa yasikauke. Yamekutwa katika matabaka kadhaa ya mwamba, ishara kwamba walitaga kwa makundi, wakirudi pale pale. Mafuriko yaliyasomba na kuyazika.

Bado kuna ubishi: mifupa ya mabawa ya viinitete ilikuwa haijapevuka kama ya miguu. Kinda aliruka akianguliwa tu, au alilelewa kwanza?