Mwimbaji Mgeni Katika Kwaya: Koo, Sikio na Ukumbi

Imani kwamba sauti ya kuimba ni kipaji cha kuzaliwa nacho imeenea sana miongoni mwa watu, na walimu wa shule wamechangia kuieneza. Mtoto akiambiwa mara moja tu mbele ya wenzake kwamba hana sauti, huweza kufunga mdomo kwa miaka thelathini. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye kazi na familia, hamu humrudia. Ndipo hubisha hodi kwenye mlango wa kwaya akiwa na hofu kuliko mtahiniwa.

Katika Sinza, jijini Dar es Salaam, milango ya namna hiyo si haba. Eneo hilo lilipimwa viwanja katika miaka ya 1970 chini ya mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, pamoja na jirani zake Kijitonyama na Mikocheni. Leo limejaa nyumba, maduka, gereji, baa na makanisa. Kijitonyama ndiko yaliko makao ya Kwaya ya Uinjilisti ya KKKT, ambayo nyimbo zake zimevuka mipaka ya nchi. Kwaya kubwa za aina hiyo hutumia vinanda vya umeme, magitaa na vipaza sauti. Makala haya yanahusu kikundi kidogo zaidi: waimbaji wa ridhaa kumi na wawili hadi ishirini na wanne, wanaoimba kwa sauti nne pasipo chombo chochote cha umeme. Humo mgeni hana pa kujificha.

Jambo la kwanza analokutana nalo ni kupimwa sauti. Mwalimu wa kwaya hubonyeza kinanda, mgeni huiga, kisha noti hupandishwa hatua kwa hatua mpaka koo likatae. Kinachopimwa hapo ni nyuzi za sauti, yaani mikunjo miwili ya misuli na utando iliyomo ndani ya zoloto. Pumzi ikipita katikati yake, mikunjo hiyo hufunguka na kufunga kwa haraka. Mwanamume anapozungumza hufanya hivyo mara mia moja na kitu kwa sekunde. Mwanamke, kiasi cha mara mia mbili, kwa kuwa nyuzi zake ni fupi na nyembamba zaidi. Soprano akiimba noti ya la ambayo mafundi wa vinanda huitumia kama kipimo, nyuzi zake hukutana mara 440 kila sekunde.

Mwanafunzi na afanye hesabu. Katika zoezi la saa moja, mgeni huweza kuimba kwa jumla ya dakika kumi na tano, nyingine zikipita kwa kusikiliza na kusubiri. Tukichukua wastani wa mitetemo 300 kwa sekunde, nyuzi zake zimegongana mara 270,000. Kwa pumzi laini, mgongano huo hauna madhara. Kwa kukaza shingo na kupiga kelele, koo huvimba na sauti hukauka kabla ya wiki kwisha. Ndiyo maana mwalimu mwenye busara hampangi kijana kwenye teno kwa sababu tu teno wamepungua.

Vipi kuhusu yule aliyeambiwa hana sauti? Wapo kweli watu wachache ambao ubongo wao haupambanui noti tangu kuzaliwa. Utafiti wa Isabelle Peretz na Dominique Vuvan, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria kuwa ni kiasi cha asilimia 1.5 tu. Wengi wanaoimba nje ya noti husikia vizuri kabisa. Tatizo lao ni kuamrisha misuli ya koo ifuate kile ambacho sikio limekisikia, na hilo hurekebika kwa mazoezi. Kumfukuza mtu wa namna hii ni sawa na kumfukuza darasani asiyejua kuandika kwa kuwa mwandiko wake ni mbaya.

Baada ya kupangiwa sauti, mgeni hupewa karatasi iliyojaa herufi: d, r, m, f, s, l, t, zikitenganishwa kwa nukta na vistari. Hiyo ni sol-fa. Mwasisi wake ni Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich nchini Uingereza, na aliyeiendeleza na kuisambaza ni mchungaji John Curwen (1816–1880). Wamisionari waliileta Afrika, nayo ikashika mizizi kwa sababu iliyo wazi: haihitaji karatasi ya mistari mitano, bali chaki na ubao. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini, aliandika nyimbo zake kwa sol-fa. Mmoja wao, alioutunga mwaka 1897, ndio uliotupatia lahani ya wimbo wetu wa Taifa.

Sol-fa haitaji urefu wa noti wenyewe. Hutaja uhusiano wa noti na noti. Do yaweza kuwekwa popote. Kutoka do hadi do ya juu yake mitetemo huongezeka maradufu. Kutoka do hadi so uwiano ni 2 kwa 3. Kutoka do hadi mi ni 4 kwa 5. Do ikiwa na mitetemo 261.6, mi safi itakuwa na 327.0. Lakini mi ya kinanda, ambacho hugawa oktava katika hatua kumi na mbili zilizo sawa, ina 329.6. Kwa hiyo, alto wakiimba mi safi huku kinanda kikipiga ya kwake, sikio litasikia sauti ikivuma na kufifia mara mbili hadi tatu kila sekunde. Mgeni hudhani amekosea. Hakukosea, kinanda na koo vinafuata hesabu mbili tofauti. Mwalimu wa Fizikia anayetafuta mfano wa mapigo ya mawimbi hana haja ya kwenda mbali. Inasikitisha kwamba vijana wengi siku hizi hujifunza sauti zao kwa kusikiliza simu pekee na kuiacha karatasi, maana simu humfundisha mtu wimbo mmoja, na karatasi humfundisha kusoma nyimbo zote.

Kosa la kawaida la mgeni ni kuimba kwa nguvu mno. Tabibu Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujua. Mgeni aliyesimama kati ya besi wawili wenye vifua vipana, huku dirishani ukiingia muziki wa baa na ngurumo za bajaji, hajisikii. Hivyo huongeza nguvu, jirani yake naye huongeza, na muda si muda kikundi kizima kinapiga makelele. Dawa yake si karipio. Wasogezwe mbali kidogo, kila mtu aachiwe nafasi ya mkono mmoja, naye mgeni awekwe kando ya mwimbaji mkongwe wa sauti yake, si mbele yake.

Uchangamfu huja upesi kuliko ustadi. Mwaka 2015 Eiluned Pearce na wenzake walichapisha uchunguzi wa madarasa ya watu wazima huko Uingereza, mengine ya kuimba, mengine ya kazi za mikono na uandishi. Baada ya miezi saba wote walikuwa wamezoeana kwa kiwango kimoja, ila waimbaji walizoeana mapema zaidi. Huenda hiyo ndiyo sababu mgeni anayevumilia mwezi wa kwanza kwa kawaida habanduki tena.

Limebaki suala la ukumbi. Tuchukue chumba cha matofali ya saruji chenye urefu wa mita 15, upana wa 8 na kimo cha 4, yaani mita za ujazo 480. Mmarekani Wallace Sabine, aliyeanza uchunguzi wake mwaka 1895, aligundua kwamba muda wa mvumo kufifia, kwa sekunde, ni 0.16 mara ujazo, ukigawanywa kwa eneo linalomeza sauti. Kuta, sakafu na dari ngumu za chumba hiki humeza kidogo mno, tuseme sawa na mita za mraba 12.7. Madirisha yakifungwa, mvumo hudumu sekunde 6, na maneno yote huwa uji. Kila mita ya mraba ya dirisha lililo wazi humeza sauti yote inayolifikia. Yakifunguliwa madirisha ya mita 12, kama joto la Dar es Salaam linavyolazimisha, mvumo hushuka hadi sekunde 3.1. Wakiwamo waimbaji ishirini, kila mmoja na nusu mita yake ya nguo na mwili, hufika 2.2.

Siku ya onyesho huingia wasikilizaji mia moja. Mvumo huporomoka hadi kiasi cha sekunde 0.9. Ile sauti nene ambayo mgeni ameizoea kuisikia ikimrudia kutoka ukutani hupotea ghafla. Huona kama ameachwa peke yake, naye huanza kukaza koo. Kwaya zinazolijua jambo hili hufanya zoezi la mwisho nje, uwanjani, ambako hakuna ukuta wa kurudisha chochote.