Umeme ni wetu, mafuta ni ya wenyewe

KILA tarehe 14 ya mwezi, Wakenya hutega masikio kusikiliza tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kuhusu bei mpya za mafuta. Hata mama mboga asiyemiliki gari husikiliza, kwani sukumawiki yake hufika sokoni kwa lori la dizeli.

Si kwamba nchi hii haina kawi. Sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Marsabit na miale ya jua. Lakini umeme huo hauendeshi malori, wala haupiki chakula katika nyumba nyingi. Hata treni ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwaka wa 2017, huvutwa na injini za dizeli.

Petroli, dizeli na mafuta taa hununuliwa ng'ambo, hasa katika nchi za Ghuba, na kupakuliwa Mombasa. Zamani tuliagiza mafuta ghafi na kuyasafisha Changamwe, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka wa 1963. Kiwanda hicho kilipoacha kazi hiyo mwaka wa 2013, tulibaki kuagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa.

Bei basi hutegemea mambo matatu makuu: soko la dunia, thamani ya shilingi dhidi ya dola, na ushuru. Ni ushuru pekee ulio mikononi mwetu. Mwaka wa 2023, shilingi ilipokuwa ikidhoofika, ushuru wa VAT kwa mafuta ulipandishwa Julai kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Septemba, lita ya petroli jijini Nairobi ilikuwa imepita Sh200.

Mapema mwaka huo, serikali iliafikiana na kampuni za Saudia na Milki za Kiarabu ili mafuta yalipiwe baada ya siku 180. Nafuu hiyo ilikuwa ya muda wa kulipa tu. Deni lenyewe lilibaki la dola.

Je, mafuta yaliyogunduliwa Turkana mwaka wa 2012? Bila kiwanda cha kuyasafisha, yatauzwa nje yakiwa ghafi, nasi tuendelee kununua petroli ya wengine.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Umeme wetu usipoanza kuvuta treni, kuendesha mabasi na kuwasha meko, mama mboga ataendelea kutega sikio kila tarehe 14.