MSANIFU MAJENGO NA ASHUKE BONDENI

Mwezi wa Desemba 2011, siku chache tu baada ya Taifa kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, mvua kubwa iliishukia Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukafurika, na nyumba za Jangwani na za mabonde mengine zikamezwa na maji. Zaidi ya watu 40 walikufa, na maelfu wakabaki hawana makao. Mafuriko yakarudi Aprili 2014, yakarudi tena Aprili 2018. Jambo lirudilo namna hii haliwezi kuitwa ajali. Ni hesabu ambayo hatujaifanya sawasawa, na hapana budi tuulize ni nani anayefundishwa kuifanya.

Mto hauna kosa. Watoka vilima vya Pugu, wapita katikati ya mji, na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Mvua ikinyesha juu huku bahari imejaa, maji hayapati pa kutokea upesi, basi hutanda bondeni, ambako ndiko makao yake tangu kale. Kilichobadilika ni mji. Mwaka 1967 mkoa wa Dar es Salaam haukufikia watu 400,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 5,383,728. Kila paa jipya na kila ua uliosakafiwa huyanyima maji nafasi ya kunywewa na ardhi, nayo huteremka mtoni kwa kasi.

Hapana mtu ajengaye bondeni kwa kupenda maji. Mchukuzi wa Kariakoo, mama ntilie na kibarua wa kiwandani hukaa huko kwa sababu chumba ni rahisi na kazi i karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, nayo ni sheria njema. Lakini miongoni mwa waliopewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya mji, baada ya mafuriko ya 2011, wako waliorudi. Rufiji ilikwisha kutufundisha somo hilo. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, wakulima walihamishiwa vijiji vya mwinukoni kwa Operesheni Rufiji ya mwaka 1969. Nyumba zikawa juu, lakini mashamba yenye rutuba yakabaki bondeni, na mkulima akalazimika kuyafuata. Ukimhamisha mtu ukaiacha riziki yake nyuma, umehamisha nusu ya mtu.

Hapo ndipo ilipo kazi ya msanifu majengo. Chuo Kikuu Ardhi, ambacho asili yake ni kituo cha kufundishia upimaji kilichoanza mwaka 1956, kimewalea wasanifu wengi wa nchi hii. Twasema kijana ajifunzaye kazi hiyo asihitimu kwa kuchora majumba ya ghorofa peke yake. Na ashuke bondeni. Aulize wakazi maji yalifika wapi ukutani, apime mteremko, afuate mtaro mpaka unapoishia. Jambo hili lawezekana, maana tangu mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu walishirikiana na wakazi kuchora ramani za kata zinazofurika, njia kwa njia na mtaro kwa mtaro.

Pili, ajifunze elimu tuliyo nayo. Warufiji walijua dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mtu hulinda shamba na kulala huku maji yakipita chini. Kule Bangladesh, msanifu Marina Tabassum ametumia fikra iliyo jamaa na hiyo: nyumba yake iitwayo Khudi Bari, ya mianzi na viungo vya chuma, ina sakafu ya juu ya kukimbilia, na hufumuliwa ikahamishwa mto unapokula ardhi. Mwaka 2025 ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mianzi haikumwondolea msanifu huyo heshima yake.

Tatu, ajue mambo madogo yaokoayo roho: msingi ulioinuliwa bila kumsukumia jirani maji, choo kisichofurika, kwa maana kinyesi kikiingia kisimani ndipo kipindupindu huzuka, nyaya na swichi za umeme zilizowekwa juu, zege lisilochanganywa na mchanga wa pwani, kwani chumvi huila nondo, na mikoko iachwe isimame, maana huvunja nguvu ya mawimbi.

Lakini hayo hayatoshi. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimesimama katika maeneo yasiyopangwa, wala hazikupata kuguswa na kalamu ya msanifu. Zimejengwa na fundi mwashi, kwa makubaliano yake na mwenye nyumba, tofali kwa tofali kadiri fedha ilivyopatikana. Kumfundisha msanifu ukamwacha fundi ni kuandika barua usiipeleke. Kwa hiyo yafaa kila mwanafunzi wa usanifu afanye kazi chini ya fundi wa mtaani kwa muhula mzima, na fundi naye akaribishwe darasani. Kila mmoja anacho cha kumpa mwenzake.

Watakuwapo watakaosema kwamba mafunzo hayo ni ghali. Twawauliza: ni ghali kuliko kujenga upya nyumba ile ile kila masika? Mpango wa Bonde la Msimbazi, ambao mkopo wake wa Benki ya Dunia uliidhinishwa mwaka 2022, una daraja jipya Jangwani na bustani kubwa mahali pa maji kupumzikia. Kazi kama hiyo na iwe darasa la wazi la vijana wetu.

Nanyi wenyeviti wa mitaa, mwanafunzi akija na futi yake na daftari, msimwone mgeni. Mwonyesheni ukutani alama ya maji.