Mali Bila Daftari: Jinsi Sajili ya Wagonjwa Inavyoboresha Tiba ya Baridi Yabisi

Baridi yabisi ni ugonjwa wa miaka mingi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Viungo vidogo vya mikono na miguu huvimba pande zote mbili, vidole hukakamaa asubuhi kwa muda wa saa nzima au zaidi, na ugonjwa usipodhibitiwa gegedu na mfupa huliwa polepole hadi vidole vinapinda. Mtu aliyekuwa akilima, akishona au akiandika ubaoni hujikuta hawezi kufunga kifungo cha shati.

Ugonjwa wa namna hii hauwezi kueleweka kwa hudhurio moja la kliniki. Leo mgonjwa ana nafuu, mwezi ujao amelemewa. Dawa iliyomfaa jirani haimfai yeye. Madhara ya dawa huweza kujitokeza baada ya miezi sita, wakati daktari aliyeiandika amekwisha kuhamishiwa kituo kingine. Hata daktari mwenye kumbukumbu nzuri hukumbuka zaidi mgonjwa aliyepona vizuri na mgonjwa aliyepata madhara makubwa. Wale wengi walio katikati husahaulika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hiyo ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini inaihusu kliniki vilevile.

Daftari hilo kwa lugha ya kitabibu huitwa sajili ya wagonjwa.

Sajili si faili wala rejesta ya mahudhurio

Kila kituo cha afya kina kumbukumbu. Rejesta ya mahudhurio huhesabu wagonjwa waliofika na maradhi waliyokuwa nayo. Faili hueleza habari za mgonjwa mmoja kwa undani, lakini hubaki ndani ya kabati, na mara nyingi kila daktari huandika kwa mtindo wake: mmoja ataandika "ana nafuu", mwingine "anaendelea vizuri", na hakuna ajuaye kama maneno hayo mawili yana uzito sawa.

Sajili hufanya jambo tofauti. Huchagua mambo machache yaliyo muhimu, huyapima kwa namna moja kwa kila mgonjwa, katika kila hudhurio, kwa miaka mfululizo, kisha huyaweka mahali pamoja ili yalinganishwe. Kwa njia hiyo huweza kujibu maswali ambayo faili moja haliwezi kuyajibu. Ni wagonjwa wangapi wa kliniki hii wamefikia nafuu kamili? Ni dawa gani iliyoachwa zaidi, na kwa sababu gani? Nani alipaswa kupimwa damu mwezi huu na hakupimwa? Nani hajaonekana tangu mwaka jana?

Katika baridi yabisi, kipimo kinachotumika sana ni DAS28. Mhudumu hukagua viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, viungo vya vidole na magoti. Huhesabu vinavyouma vinapobonyezwa na vilivyovimba. Mgonjwa mwenyewe hueleza hali yake kwa jumla kwenye mstari wa sifuri hadi 100, na damu hupimwa kiwango cha uvimbe mwilini. Mambo hayo manne huunganishwa kuwa namba moja. Ikiwa chini ya 2.6, ugonjwa umetulia, ikizidi 5.1, ugonjwa umepamba moto. Namba hiyo humwezesha daktari wa leo kujua alichokiona daktari wa mwaka jana, na humzuia kuridhika na neno "nafuu" wakati viungo vinaendelea kuharibika.

Kupima huku kuna faida iliyothibitishwa. Katika utafiti uliofanyika Glasgow na kuchapishwa mwaka 2004, wagonjwa wapatao 110 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. La pili lilipimwa kila mwezi, na dawa zikaongezwa kila ilipoonekana kuwa ugonjwa haujatulia. Baada ya miezi 18, waliofikia nafuu kamili katika kundi la pili walikuwa asilimia 65, na katika kundi la kwanza asilimia 16. Jambo kubwa lililoyatenganisha makundi hayo lilikuwa nidhamu ya kupima na kuchukua hatua.

Somo la Hispania

Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitokea dawa mpya za kibiolojia zinazozuia kemikali ya mwili iitwayo TNF, ambayo huchochea uvimbe wa viungo. Wagonjwa walioshindikana kwa dawa za zamani walianza kutembea tena. Hata hivyo, TNF ina kazi nyingine: huusaidia mwili kuvifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala ndani ya mapafu. Je, mlinzi huyo akiondolewa, nini kitatokea?

Madaktari wa Hispania hawakusubiri kubahatisha. Mwaka 2000 walianzisha sajili ya taifa, BIOBADASER, ya kufuatilia kila aliyepewa dawa hizo. Miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,500 wa mwanzo, 17 waliugua kifua kikuu, na wote 17 walikuwa wakitumia infliksimabu. Idadi hiyo ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa kwa raia wa kawaida. Katika kliniki moja moja, ambako pengine alionekana mgonjwa mmoja tu au hakuonekana kabisa, tukio hilo lingeitwa bahati mbaya.

Kutokana na ushahidi huo ulitolewa mwongozo mwaka 2002: kabla ya kuanza dawa hizo, mgonjwa aulizwe historia ya kifua kikuu, apimwe kwa kipimo cha ngozi na apigwe eksirei ya kifua, akiwa na maambukizi yaliyolala, atibiwe kwanza kwa isoniazidi. Sajili ileile iliendelea kuhesabu. Ugonjwa ulipungua kwa asilimia 78. Baadaye ilionekana pia kwamba pale mwongozo usipofuatwa, uwezekano wa kupata kifua kikuu ulikuwa mkubwa mara saba. Hivyo daftari moja liligundua hatari, likasababisha kanuni, likapima mafanikio ya kanuni hiyo, na mwisho likawafichua walioipuuza.

Sajili ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2001, ilipiga hatua zaidi. Mwaka 2010 ilitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 10,000 waliotumia dawa hizo na zaidi ya 3,000 waliotumia dawa za zamani. Kifua kikuu kiliwapata 40, wote wa kundi la kwanza. Lakini hatari haikuwa sawa kwa kila dawa. Kwa kila wagonjwa 100,000 wakifuatiliwa kwa mwaka mmoja, makadirio yalikuwa wagonjwa 144 kwa adalimumabu, 136 kwa infliksimabu na 39 kwa etanersepti. Kwa daktari anayefanya kazi mahali ambapo kifua kikuu kimeenea, kama ilivyo Afrika Mashariki, tofauti hiyo ni ya kuzingatiwa kabla ya kuandika dawa.

Gharama, mlipuko na maamuzi ya haraka

Sajili husaidia pia katika suala la fedha. Mwaka 2015 Denmark iliamua kuwa wagonjwa waliokuwa wakitumia infliksimabu ya awali wahamishiwe kwenye dawa inayofanana nayo kwa bei nafuu. Wagonjwa wengi waliingiwa na hofu, na hofu hiyo ilistahili jibu. Nchi hiyo ilikuwa na sajili ya DANBIO, iliyoanza mwaka 2000, hivyo iliwezekana kuwafuatilia wagonjwa 802 waliobadilishiwa dawa. Ilipolinganishwa miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada ya mabadiliko, hali ya ugonjwa haikutofautiana sana. Baada ya mwaka mmoja, takriban 84 kati ya kila 100 walikuwa bado wanaitumia dawa mpya, kiwango kilicho chini kidogo tu ya kile cha wagonjwa wa miaka ya nyuma waliobaki na dawa ya awali.

Ulipozuka ugonjwa wa korona, wataalamu wa nchi mbalimbali walianzisha sajili ya pamoja mwezi Machi 2020. Katika muda mfupi zilikusanywa taarifa za wagonjwa 600 wa kwanza kutoka nchi 40. Ilionekana kuwa waliokuwa wakitumia prednisoloni miligramu 10 au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulazwa hospitalini. Hilo ni onyo la kutiliwa maanani popote pale ambapo prednisoloni, kwa kuwa ni rahisi kupatikana, hutumiwa kwa miaka kama dawa pekee ya viungo. Hata hivyo, mgonjwa aliyeizoea asiikatishe ghafla, kwa maana kufanya hivyo ni hatari. Ipunguzwe kwa maelekezo ya daktari.

Mipaka ya sajili

Sajili si muujiza. Wagonjwa wanaopewa dawa kali huwa ndio walioumia zaidi tangu mwanzo; wakionekana kuwa na madhara mengi, huenda kosa si la dawa. Kwa sababu hiyo matokeo ya sajili hayachukui nafasi ya majaribio yenye makundi yaliyogawanywa kwa kura. Hayo mawili hukamilishana.

Hatari ya pili ni pengo la taarifa. Mgonjwa asiyerudi huenda amepona, amehama, amekosa nauli, amekwenda kwa mganga, au amefariki dunia. Sajili inayowahesabu waliorudi peke yao itatoa picha nzuri kuliko ukweli. Hatari ya tatu ni kukusanya mambo mengi mno. Fomu ya kurasa sita hujazwa vizuri wiki ya kwanza, nusunusu mwezi wa pili, na baada ya hapo haijazwi tena.

Je, inawezekana hapa kwetu?

Inawezekana, na msingi upo. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret nchini Kenya, ulianzishwa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Juhudi hizo zilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, mfumo unaotumika leo katika nchi nyingi. Nchini Tanzania, kliniki za tiba na matunzo ya VVU zimezoea utaratibu huu kwa miaka: mgonjwa hubaki na kadi ya CTC1, kliniki huhifadhi ya CTC2, na asiyefika siku yake hutafutwa. Mhudumu aliyefanya kazi CTC anaijua kazi ya sajili, hata kama hakuwahi kuiita hivyo.

Kliniki ya baridi yabisi yaweza kuanza na ukurasa mmoja: namba ya mgonjwa, umri na jinsia, mwaka ugonjwa ulipoanza, hesabu ya viungo vinavyouma na vilivyovimba, kipimo cha damu, alama anayojipa mgonjwa, dawa na kipimo chake, madhara, na tarehe ya kurudi. Kitabu kilichopigwa mistari kinatosha kwa mwanzo, kompyuta itafuata. La msingi ni kwamba mambo hayo yaandikwe kila mara, na kila baada ya miezi mitatu wahudumu wakae pamoja wayasome. Daftari lisilosomwa ni mzigo tu.

Mfano mmoja unatosha kuonesha faida yake. Methotreksati, dawa inayotegemewa zaidi katika baridi yabisi, humezwa mara moja tu kwa wiki. Mgonjwa akiimeza kila siku kwa kutoelewa maelekezo, anaweza kupoteza maisha. Dawa hiyo huhitaji asidi ya foliki pamoja nayo, vipimo vya damu na ini kwa vipindi, na haifai kwa mama mjamzito. Safu moja ndani ya sajili yenye maneno "siku ya wiki ya kumeza dawa", na nyingine yenye tarehe ya kipimo cha mwisho cha damu, huibua swali ambalo kliniki yenye msongamano ingelisahau.

Siri ya mgonjwa na nafasi yake

Taarifa za afya ni amana. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kinachoandikwa, kwa nini kinaandikwa, na nani atakiona. Majina hutenganishwa na takwimu, namba hutumika badala yake, na matokeo yanayotolewa hadharani humhusu mtu mmoja mmoja kwa namna isiyoweza kumtambulisha. Tiba isiwe sharti la mgonjwa kukubali taarifa zake zitumike katika utafiti.

Lakini mgonjwa si mtoa taarifa tu. Nchini Sweden, mgonjwa hujaza hali yake kabla ya kuonana na daktari, kisha wote wawili hutazama mchoro unaoonesha ugonjwa ulivyopanda na kushuka. Mazungumzo huwa juu ya kitu kinachoonekana: hapa dawa iliongezwa, hapa ilikatizwa, hapa maumivu yalirudi. Hilo halihitaji mitambo ya bei kubwa. Mgonjwa mwenye daftari dogo la nyumbani, anayeandika viungo vilivyovimba, muda wa kukakamaa asubuhi, na siku aliyokosa dawa na sababu yake, huingia chumba cha daktari akiwa na ushahidi. Asione haya kuandika kwamba dawa ilimwishia kwa kukosa fedha. Yakiandikwa na wengi, maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayoweza kuonesha kwamba kinachoshinda katika kliniki fulani si ubovu wa dawa, bali ni bei yake au umbali wa duka la dawa. Na hapo mganga mkuu na mfamasia watajua waanzie wapi.